Michezo na kazi za mikono: Njia ya Kiingereza kwa watoto wadogo wa Garissa

Mtoto wa Garissa anapoingia chekechea akiwa na umri wa miaka minne, Kiingereza mara nyingi huwa lugha yake ya tatu au ya nne. Nyumbani huzungumza Kisomali. Katika dugsi, kama chuo cha Kurani kiitwavyo huko, huwa amekwisha kuanza kuhifadhi maneno ya Kiarabu. Kiswahili hukisikia sokoni na redioni. Kiingereza, kwa walio wengi, hakisikiki popote ila kinywani mwa mwalimu.

Hali haitofautiani sana Wajir na Mandera, kaunti ambazo pamoja na Garissa ziliunda uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera nchini Kenya imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza huku Kiingereza kikiwa somo, kisha kuanzia darasa la nne Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, haukuugeuza utaratibu huo. Anayefika gredi ya nne bila Kiingereza huwa ameachwa nyuma katika hisabati na sayansi pia, hata kama ni hodari wa kuhesabu mbuzi wa baba yake.

Ndiyo maana miaka miwili ya awali, ile iitwayo PP1 na PP2, ina uzito. Mtaala wenyewe unamtaka mwalimu wa umri huo afundishe kwa michezo. Swali ni michezo ipi, na inafundisha nini hasa.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto udongo wa kufinyanga na karatasi za kusuka. Karibu na nyumbani, mpango wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulionyesha kwamba vifaa vya darasa vinaweza kupatikana katika mazingira ya mtoto mwenyewe, na kwamba masomo ya dini na ya shule yanaweza kukaa chini ya paa moja. Mpango huo baadaye ulifika Zanzibar na Uganda.

Mchezo rahisi kuliko yote ni ule wa kuigiza, ambao watoto wa Pwani huuita tinge: kiongozi hufanya kitendo na wengine humfuata. Mwalimu akiongeza amri ya Kiingereza, simama, keti, gusa pua, ruka, mtoto huitikia kwa mwili kabla ulimi haujawa tayari. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliijenga njia nzima ya kufundishia lugha juu ya msingi huo katika miaka ya 1960. Jambo moja tu la kuangaliwa: walimu wengi humtoa mchezoni anayekosea, na huyo ndiye anayeuhitaji mchezo zaidi. Afadhali akosaye apewe zamu ya kutoa amri inayofuata.

Mchezo wa kokoto, mdako kwa Waswahili, unaofanana na gariir ya watoto wa Kisomali, hufaa kwa hesabu. Mtoto hurusha kokoto moja juu, akaokota nyingine kabla ya ile haijaanguka, huku akitaja idadi kwa Kiingereza. Hapa mwalimu atasikia kosa linalojirudia: “two stone”, bila ile “s” ya mwisho. Kosa hilo lina chanzo. Katika Kisomali nomino nyingi hubaki katika umoja baada ya tarakimu, kwa hiyo mtoto anafuata sarufi anayoijua. Kumkaripia hakusaidii. Mwalimu arudie tu tamko sahihi kila kokoto linapookotwa, na baada ya raundi hamsini sikio litakuwa limezoea.

Matamshi nayo yana mitego yake. Kisomali hakina sauti ya “p”, ndiyo maana kalamu ya Kiingereza, “pen”, hugeuka “ben”, na hata tambi za Waitaliano huitwa “baasto”. Hakina “v” wala “z”. Aidha, neno la Kisomali halianzi kwa konsonanti mbili zilizofuatana, hivyo “school” huwa “iskuul”.

Dawa ya “p” ni unyoya wa kuku. Mtoto huushika mbele ya midomo na kutamka. Akisema “p” ya Kiingereza mwanzoni mwa neno, pumzi hutoka kwa nguvu na unyoya huruka. Akisema “b”, unyoya hutikisika kidogo tu au hautikisiki kabisa. Watoto hushindana nani ataurusha mbali zaidi, wala hawajui kwamba wamo katika somo la fonetiki. Mchezo huu uchezwe ndani ya darasa, kwani nje upepo wa Garissa utaurusha unyoya hata kwa asiyesema lolote.

Kuhusu herufi, mtoto wa dugsi si mgeni wa maandishi. Amezoea ubao wa mti, unaoitwa loox, na wino wa makaa, na mkono wake umefundishwa kuanza kulia kwenda kushoto. Kiingereza humtaka aanze upande wa pili. Mwalimu anaweza kumpa mbuzi mdogo wa udongo, aliyefinyangwa na mtoto mwenyewe, asafiri juu ya mstari wa mchanga kutoka malishoni, yaani kushoto, hadi zizini kulia. Safari chache kama hizo humzoeza mkono na jicho.

Kwa aliye na ndugu wakubwa wasomao Kisomali kuna kizingiti kingine. Maandishi rasmi ya Kisomali, yaliyoanza kutumika nchini Somalia mwaka 1972, hutumia herufi “c” na “x” kwa sauti za kooni, zile za ayn na ha katika Kiarabu. Paka wa Kiingereza, “cat”, akisomwa kwa kanuni hiyo hatambuliki tena kuwa paka.

Katika kazi za mikono, hakuna iliyo tajiri kwa maneno kama kujenga aqal, kile kibanda cha wafugaji kinachobebwa kwa ngamia. Watoto hukunja vijiti, huvifunga kwa uzi, huvifunika kwa mkeka wa makuti ya mkoma, kisha huweka ndani ngamia na mbuzi wa udongo. Humo mna kijiti, kamba, mkeka, mlango. Mna kunja, funga, funika. Mna ndani, nje, nyuma na chini. Wasomali wana desturi kwamba mwanamke ndiye ajengaye aqal. Mama akialikwa darasani aonyeshe anavyofunga fundo, mwalimu ataje kila hatua kwa Kiingereza na watoto warudie.

Hapo ndipo kazi nyingi za mikono huharibika. Watoto huachwa wafinyange kimya kwa nusu saa, au wazungumze Kisomali pekee, na mwishoni mwalimu husifu ngamia. Ufundi wamejifunza, Kiingereza hawakujifunza. Maneno manane au kumi yanayorudiwa mara nyingi wakati mikono inafanya kazi yanatosha kwa somo moja.

Idadi hiyo ndogo inamfaa mwalimu pia. Eneo hili limepoteza walimu wengi kwa sababu ya usalama. Mnamo Novemba 22, 2014, watu 28, wakiwemo walimu, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji. Walimu wa chekechea, ambao tangu ugatuzi wa 2013 wako chini ya kaunti, mara nyingi nao walijifunzia Kiingereza katika mazingira haya haya. Mwalimu anayeyamudu vyema maneno kumi na kuyatamka sawasawa humsaidia mtoto kuliko anayesoma ukurasa mzima kwa kubabaika.

Baadhi ya wazazi hulalamika kwamba mtoto amepelekwa shuleni asome, naye anarudi na udongo kwenye nguo. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, hasa pale ambapo dugsi huonyesha matokeo yake wazi: mtoto husoma sura kwa moyo mbele ya baba yake. Chekechea nayo inaweza kumtuma mtoto nyumbani na kibanda chake cha vijiti, amtajie babake kila kipande kwa Kiingereza.

Katika shule za kuhamahama, ambako mwalimu huifuata jamii inapotafuta maji na malisho, faida nyingine huonekana. Vitabu na chati ni mzigo. Kokoto, vijiti na mchanga viko kila wanapotua, na unyoya hauna uzito.