Neno la Kale Lina Kwao: Funzo Kutoka Kiingereza cha Zamani



Mjadala wa msamiati wa kale katika ushairi hauishi miongoni mwetu. Wapo wanaoshikilia kwamba utenzi usio na neno la kale ni mchuzi usiokolea. Wapo wanaojibu kwamba neno asilolijua msomaji ni kizingiti cha kumkwaza. Leo napenda kuupitia mjadala huu kwa upande wa Kiingereza, lugha niliyoifundisha kwa miaka mingi katika shule za sekondari na kisha katika chuo cha ualimu. Washairi wa Uingereza walibishana juu ya jambo hilihilo zaidi ya miaka 400 iliyopita, na yaliyowapata yanatufaa.

Tuanze na maneno ambayo sura yake imebaki lakini maana yake imehama. Hayo ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa msomaji hajui kwamba hajui. Neno geni kabisa humpeleka mtu kwenye kamusi. Neno analodhani analifahamu humpitisha moja kwa moja hadi shimoni. Mwanafunzi akimsikia Juliet wa Shakespeare akitamka "wherefore", hudhani binti anamtafuta Romeo alipo. Sivyo. Neno hilo maana yake ni "kwa nini". Juliet anauliza kwa nini kijana ampendaye awe ndiye Romeo, mwana wa ukoo ulio adui wa ukoo wake. Asiyejua maana hiyo ameukosa msiba wote wa tamthilia ile.

Kadhalika neno "let". Leo ni kuruhusu. Lakini Hamlet anapotishia kumgeuza mzuka yeyote atakaye-"let" asimfuate mzuka wa baba yake, neno hilo lina maana ya kuzuia. Yalikuwa maneno mawili tofauti ya asili, yakafanana umbo, na lile la kuzuia likafa. Masalia yake yamo hadi leo katika pasipoti ya Uingereza, pale inapoombwa mwenye pasipoti apite bila kizuizi. "Presently" nalo lilikuwa "papo hapo". Kwa Waingereza wa leo ni "baada ya kitambo kidogo". "Silly" liliwahi kuwa mwenye heri, likateremka hadi mtu duni wa kuhurumiwa, kisha likawa mpumbavu. "Nice" limepita njia ya kinyume: lilianza kwa ujinga, likaishia kwenye uzuri. Yeyote anayemtafsiri Shakespeare, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya kwa tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na kwa *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hana budi kuivuka mitego ya namna hii ukurasa baada ya ukurasa.

Hata hivyo, neno linalonivutia kuliko yote ni "thou". Kwa asili halikuwa na adabu wala utovu wa adabu. Lilikuwa "wewe", na "ye" lilikuwa "ninyi". Baada ya Wanormani kuitawala Uingereza na Kifaransa kuingia katika nyumba za wakubwa, ikaanza desturi ya kumsemesha mtu mmoja wa heshima kwa wingi. "Thou" likabaki la mtoto, mtumishi, mpenzi, na Mungu anayeombwa kwa ukaribu. Lilipoelekezwa kwa asiyestahili likawa tusi. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini mjini Winchester, mwanasheria wa serikali, Edward Coke, alimtupia "thou" hiyo makusudi mbele ya mahakama, na kila aliyekuwapo alielewa kwamba amedhalilishwa. Nusu karne baadaye, Wakristo wa kundi la Marafiki, ambalo miaka mingi mbele lingefika hata magharibi ya Kenya, waliamua kumwita kila mtu "thou", tajiri kwa maskini, kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa. Walichukiwa kwa hilo.

Sasa tazama ajabu ya lugha. Neno hilo lilipotoweka katika mazungumzo ya kawaida, likabaki kusikika katika sala na mashairi. Leo Mwingereza anayelisikia hudhani ni neno la utukufu, la kumkweza asemeshwaye. Neno la sebuleni limevikwa joho kwa sababu tu limezeeka. Ndivyo ukale unavyoweza kutudanganya: tunadhani kila kilichovaa vumbi kilikuwa dhahabu.

Kuna pia makosa yaliyozaliwa na herufi. Katika miji ya Uingereza utaona vilabu vya pombe vilivyoandikwa "Ye Olde", na watu husoma "yi". Hilo si "ye" la "ninyi" hata kidogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi moja ya sauti ya "th", iliyoitwa *thorn*. Katika mwandiko wa baadaye ikafanana na "y", na wapigachapa, ambao hawakuwa nayo katika herufi zao za risasi, wakaweka "y" badala yake. Kwa hiyo "ye" hiyo ilikuwa "the", na hivyo ndivyo ilivyotamkwa.

Haya ya vibao ni madogo. Makubwa yaliwapata washairi wenyewe. Mwaka 1579 Edmund Spenser alichapisha *The Shepheardes Calender*, mashairi kumi na mawili, moja kwa kila mwezi. Aliyajaza kwa makusudi maneno ambayo hata kwa watu wa zama zake yalikuwa ya kizamani, kwa kumwenzi Geoffrey Chaucer aliyefariki mwaka 1400. Kila shairi lilifuatwa na sherehe ya maneno magumu, iliyotiwa saini ya herufi mbili tu, E.K. Wapo waliomsifu Spenser kwa kurudisha mali ya mababu. Ben Jonson alimlaumu kwamba kwa kuwaiga wakale ameandika kitu kisicho lugha.

Katika sherehe hiyo limo neno "derring-do", lililofasiriwa kuwa ni ushujaa. Asili yake ni hii. Chaucer, akimsifu Troilus, alisema hakuwa na wa kumzidi katika "durring don", yaani katika kuthubutu kutenda yale yampasayo shujaa. Hivyo ni vitenzi viwili vya kawaida vilivyofuatana. John Lydgate akamwiga katika karne ya 15. Chapa za Lydgate za karne ya 16 zikakosea tahajia. Spenser akayasoma maneno hayo mawili kama jina moja, akalitumia hivyo. Kisha Walter Scott akaliokota kwake, akalitia katika riwaya ya *Ivanhoe*, iliyotoka mwishoni mwa 1819, na kutoka hapo likaenea. Leo limo katika kila kamusi kama neno la kale la kishujaa, ilhali katika zama zile za kale halikuwapo.

Spenser alikosea kwa uaminifu. Kijana Thomas Chatterton wa Bristol alifanya jingine. Alizaliwa mwaka 1752, na angali mvulana akatunga mashairi akidai ameyapata katika ngozi kuukuu za kanisa, kazi ya mtawa wa karne ya 15 aitwaye Thomas Rowley. Alifariki London mwaka 1770, hajatimiza miaka 18. Mashairi hayo yalipokusanywa na kuchapishwa mwaka 1777, wasomi waligawanyika. Baadaye Walter Skeat, katika toleo la 1871, alionyesha msamiati ulikotoka: sehemu kubwa ulichukuliwa katika kamusi, hasa ile ya John Kersey ya 1708. Palipokuwa na kosa katika kamusi, kosa lilihamia katika "mtawa". Nasema haya kwa huzuni, maana kijana yule alikuwa na kipaji cha kweli, na washairi wakubwa waliomfuata walimlilia. Kilichomsaliti ni maneno aliyoyakuta orodhani, bila kuyasikia yakiishi ndani ya sentensi ya mtu.

Dawa ya maradhi haya ilikuja taratibu. Mwaka 1857 wanachama wa Chama cha Filolojia cha London walianza mpango wa kamusi itakayoonyesha kila neno katika matumizi yake, karne kwa karne, kwa ushahidi wa maandishi. Watu wa kujitolea walisoma vitabu na kutuma vikaratasi vya dondoo. Mhariri wake mkuu, James Murray, alikuwa mwalimu wa shule, jambo linalonifurahisha kila nilikumbukapo. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, na kazi ikakamilika 1928, miaka 13 baada ya kifo chake. Ni kamusi hiyo iliyofichua safari nzima ya "derring-do".

Sisi nasi tunayo hazina: kamusi ya Krapf ya 1882, ya Sacleux ya 1939, tenzi za Lamu na Pate, na wazee ambao bado wanasema. Lakini naona siku hizi vijana wakipachika "mtima" na "mai" katika beti zao kwa kuwa tu yananukia ukale. "Mai" si neno lililokufa. Ndiyo maji anayoyanywa Mwamu leo hii. Na "mui" je? Katika methali tunayoifahamu sote ni mtu mbaya. Kwa Mwamu ni mji pia. Mtunzi asiyejua hilo anaweza kuusifu mji msomaji akaona amemsifu mwovu.

Sisemi tuyaache maneno ya kale. Nasema neno lina kwao, na anayelichumbia sharti afike kwao, aulize lilisemwa na nani, kwa nani, ndani ya sentensi gani. Walau mifano mitatu ya matumizi kabla ya kulitia katika ubeti. Kisha tumrithi yule E.K. kwa lililo jema lake: chini ya shairi tuweke sherehe, tutaje na mahali tulipolipata neno. Kama tumekosea, atakayekuja nyuma yetu ataona tulipokosea, asilibebe kosa letu miaka 300 akidhani ni urithi.