Pengo la Ustahimilivu wa Kelele katika Uchaguzi wa Shimesikio

Pengo la ustahimilivu wa kelele ni tofauti, inayohesabiwa kwa desibeli, kati ya ukubwa wa sauti ya msemaji unaompendeza msikilizaji na ukubwa wa juu kabisa wa kelele za pembeni ambazo msikilizaji huyo yuko radhi kuzisikia huku akiendelea kufuata maneno bila kuchoka wala kukereka. Kipimo hiki kilitokana na utafiti wa Anna Nabelek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991.

Upimaji wenyewe hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza msikilizaji huchezewa simulizi iliyorekodiwa, naye huelekeza iongezwe au ipunguzwe mpaka ifikie kiwango kinachomridhisha; kisha huongezwa mvumo wa watu wengi wanaozungumza kwa pamoja, hadi afike mahali ambapo hataki uzidi. Ikiwa simulizi ilitulia kwenye desibeli 63 na mvumo ukakoma kwenye 58, pengo ni desibeli 5.

Baadhi ya waandishi wangeweza kuiita dhana hii kiwango cha kelele kinachokubalika, lakini jina hilo hupotosha, kwa kuwa msomaji hutarajia kiwango kikubwa kimaanishe ustahimilivu mkubwa, ilhali hapa tarakimu kubwa huonyesha mtu asiyeweza kukaa na kelele. Neno pengo huondoa utata huo. Ustahimilivu nao unafaa kuliko uvumilivu, kwani wakulima wa pamba na mtama wa mkoa wa Simiyu, Tanzania, wamezoea kusikia juu ya mbegu zinazostahimili ukame, yaani sifa ya kimaumbile isiyostahili pongezi wala lawama, na ndivyo ilivyo kwa pengo hili, ambalo halifungamani na umri, jinsia wala kiasi cha usikivu uliopotea.

Mwaka 2006 Nabelek na wenzake walionyesha kwamba watu wenye pengo la desibeli 7 au pungufu kwa kawaida hutumia shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia mtu mwenye usikivu hafifu, mara kwa mara, na kwamba wenye pengo linalozidi 13 aghalabu hukiweka kando kifaa hicho. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha utabiri huo kwa uthabiti uleule. Hata hivyo zimeacha imara jambo la msingi, kwamba kuelewa maneno katikati ya kelele na kuwa radhi kuzisikia kelele hizo ni mambo mawili tofauti.

Kwa mkazi wa Ngulyati, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, ambaye hospitali yake ya rufaa ya kanda ni Bugando jijini Mwanza, tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Shimesikio hukuza mazungumzo pamoja na ngurumo za mashine ya kusaga na makelele ya gulio, na safari ya kurudi kwa mtaalamu ili kifaa kirekebishwe ni gharama ambayo kaya nyingi haziimudu. Kwa hiyo pengo lapaswa kupimwa kabla kifaa hakijachaguliwa, kwa simulizi ya Kisukuma au Kiswahili, ili mwenye pengo kubwa apewe tangu mwanzo kifaa chenye maikrofoni elekezi na programu ya kupunguza kelele, ambavyo huweza kulifinya pengo hilo kwa desibeli chache, pamoja na ushauri kwa familia kuhusu mahali na saa za kuanza kukizoea.