Wembamba wa Kompyuta Mpakato Hulipiwa na Nini?



Kila baada ya mavuno naulizwa: "Bwana shamba, ninunue kompyuta mpakato ipi ya kuwekea hesabu za duka na za kikundi?" Dukani, macho hukimbilia ile nyembamba inayong'aa. Kabla hujatoa pesa ya magunia yako, ijue historia yake. Itakuonyesha kilichoondolewa ili mashine ipungue unene.

Mwaka 1981 kampuni ya Adam Osborne, Marekani, ilitoa Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyopata wanunuzi wengi. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, sawa na ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Bei ilikuwa dola 1,795, na haikuwa na betri. Baadaye mashine zilipungua uzito na kupata betri, na kwa miaka mingi betri hiyo ilichomolewa kwa mkono. Ikichoka, unanunua nyingine na kuipachika mwenyewe.

Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs wa Apple alitoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya ofisini, na watu wakashangilia. Ilikuwa na kilo 1.36, na penye unene zaidi haikufika sentimita 2. Lakini sehemu ya kuweka CD haikuwepo, wala tundu la waya wa mtandao. Tundu la USB lilikuwa moja tu. Memori ilichomelewa kwenye bodi, kwa hiyo huwezi kuiongeza. Betri ilifungiwa ndani. Bei ilianzia dola 1,799.

Mwaka 2010 toleo jipya lilianzia dola 999, likiwa na hifadhi isiyo na sahani inayozunguka. Mwaka 2011 Intel ikahimiza makampuni mengine yatengeneze mashine iliyoziita Ultrabook: unene chini ya milimita 20, bei chini ya dola 1,000. Hapo wembamba ukaacha kuwa wa kampuni moja.

Mwaka 2015 Apple ilipunguza tena. MacBook mpya ilikuwa na tundu moja la kuchajia na kuunganishia vifaa, na vitufe vyake vilibonyea kidogo sana. Watumiaji walilalamika kuwa vitufe vinakwama au vinarudia herufi, na mwaka 2018 kampuni ilianza kuzitengeneza kibodi hizo bure. Sasa fikiria vumbi la stoo yako ya mahindi.

Nyembamba ina faida zake pia. Hifadhi isiyo na sahani inayozunguka huvumilia mtikisiko wa bodaboda kuliko diski ya zamani. Nyingi hutumia umeme kidogo, jambo la maana kwa anayetegemea sola. Ukizunguka vijijini kununua mazao, wepesi ni nafuu ya kweli.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, uliza haya:

1. Betri ikifa, fundi wa mji wa karibu anaweza kuibadilisha? Kwa bei gani?
2. Memori na hifadhi vinaweza kuongezwa, au vimechomelewa?
3. Matundu yapo mangapi? Flashi, modemu na printa vitaingia bila kununua kiunganishi kingine?
4. Kama ni ya mtumba, inakaa na chaji saa ngapi? Iwashe, chomoa waya, ikae hapo ukiiangalia.
5. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja.

Kama mashine itakaa mezani dukani, chukua nene inayofunguka kwa bisibisi. Pesa inayobaki itanunua mbolea. Kama utaibeba kila siku, nyembamba inafaa, mradi majibu ya maswali ya 1 na ya 3 yamekuridhisha. Na yoyote utakayochukua, nakili hesabu za kikundi kwenye flashi kila wiki. Betri iliyofungiwa ndani ikizima ghafla siku ya kugawana, wanachama hawatauliza unene wa mashine; watauliza pesa zao.