Damu Iliyopimwa Bila Jina

Pengine umewahi kujiuliza: serikali ilijuaje ni Wakenya wangapi wana virusi vya Ukimwi, ilhali wengi hawakuwa wamepimwa?

Kuanzia mwaka 1990, hesabu ilitoka katika kliniki za wajawazito. Mama akishatolewa damu ya kupima kaswende, iliyobaki iliondolewa jina, kisha ikatafutwa kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaunda kupigana na virusi. Njia ilikuwa rahisi. Lakini wanaume walikuwa wapi? Na yule mama asiyefika kliniki? Kwa hesabu za aina hii, UNAIDS ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2001 asilimia 15 ya watu wazima nchini walikuwa na virusi.

Mwaka 2003, utafiti wa KDHS ulienda nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa huwezi kubeba friji hadi kila kijiji, watafiti walidunga kidole, wakadondosha damu kwenye karatasi maalum, ikakaushwa na kupelekwa maabara ya KEMRI, Nairobi. Ugumu haukuwa sindano, ulikuwa mlangoni. Wengine hawakupatikana, wengine walikataa. Waliopimwa ni kama wanawake 76 na wanaume 70 kwa kila 100 waliotakiwa. Matokeo yakawa asilimia 6.7 kwa wenye miaka 15 hadi 49: wanawake 8.7, wanaume 4.6. Usidhani ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu kwa miaka miwili! Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na nani alihesabiwa.

Sasa fikiria ni wewe uliyetoa kidole. Karatasi haina jina lako. Maabara imeona virusi, haijui ni vya nani. Wewe umeelekezwa VCT ukapimwe upya. Siri yako ililindwa, sikatai, lakini taifa lilijua na mwenye damu hakujua.

Katika KAIS ya 2007 damu ilitolewa mshipani, na mtu angeweza kufuata majibu yake kituo cha afya baada ya wiki sita. Kati ya waliokutwa na virusi, zaidi ya wanne kwa kila watano hawakujua hali yao. Ilipofika KAIS ya 2012, mshauri alikuja na kipimo hadi nyumbani, na aliyetaka kujua akaambiwa jibu lake papo hapo, mgeni kabla hajaondoka.