Majivu ya mlima, madirisha ya Goma

Pita asubuhi kwenye barabara za Himbi ama Katindo, utamwona mtu amepanda ngazi, ndoo ikining'inia pembeni, anaosha madirisha ya nyumba isiyo yake. Mara nyingi ni mtu aliyefika Goma akikimbia vita, kutoka Masisi, Rutshuru ama vijiji vya Nyiragongo. Mwenye nyumba anamwita kibarua. Watoto wanamwita yule wa madirisha. Jioni anapewa franka kidogo, na kesho yake anatafuta parsele nyingine. Leo nataka tuzungumze kuhusu kazi hiyo, ilitoka wapi, nani waliifanya kabla yake, na kwa nini hapa kwetu inataka ujuzi ambao wanaolipa hawauoni.

Zamani, kwenye vilima vyetu, nyumba haikuwa na dirisha la kioo. Ilikuwa na mlango, na moshi wa jikoni ulijitafutia njia katikati ya nyasi za paa. Moshi huo ulikuwa na faida yake, maana ulifukuza wadudu wanaokula miti. Ukuta wa udongo hauoshwi, ukiuosha unaporomoka. Unapakwa upya. Akina mama walichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, wakakandika kwa mikono, hasa harusi ama sikukuu ilipokaribia. Vyungu vilisuguliwa kwa majivu ya kuni. Hata baadaye, taa ya petroli ilipofika, kioo chake cheusi kilirudishwa kuwa cheupe kwa majivu na kitambaa. Mimi mwenyewe nilipewa kazi hiyo nikiwa mtoto, kwa sababu mkono mdogo unaingia vizuri ndani ya kioo cha taa. Lishikeni neno hilo la majivu, tutalirudilia.

Kioo kikubwa cha dirisha kilikuja na Wabelgiji. Goma ilikuwa posti ndogo yao, ikitazamana na Kisenyi ya Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Hifadhi ya Albert, ile tunayoiita leo Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, na polepole watalii na wakulima Wazungu wakajenga kando ya ziwa nyumba zenye madirisha mapana ya kutazama maji. Madirisha mapana yanataka mtu wa kuyapangusa. Mtu huyo alikuwa mwanamume Mkongomani, hata kama alikuwa na ndevu na wajukuu, na aliitwa boyi. Yeye alipika, alipiga pasi, aliosha vioo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba chake, boyeri. Neno hilo mpaka leo liko midomoni mwetu, tunalitumia kwa nyumba ndogo ya uani bila kukumbuka lilizaliwa namna gani.

Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi hakuruhusiwa kubaki usiku katika sehemu ya Wazungu bila karatasi. Basi wafanyakazi wengine walirudi siteni jioni. Na huko siteni, yule aliyeshinda akiosha nyumba ya mwingine alikutana na mtumishi wa usafi wa serikali aliyekuja kukagua nyumba yake mwenyewe: maji yaliyotuama, majani marefu, choo. Kosa lilikuwa faini.

Usafi wa nyumba uligeuzwa pia kuwa mtihani. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza uandikishwaji uliokusudiwa kumkaribisha Mkongomani aliyesoma kwenye sheria za Wazungu. Aliyeomba alitembelewa nyumbani. Wageni waliingia mpaka jikoni, wakatazama vyombo, choo, namna familia inavyokaa mezani. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Wakati huohuo, katika vituo vya kijamii, wanawake Wabelgiji walifundisha wake wa wafanyakazi kushona, kupika na kupanga nyumba, wakafanya hata mashindano ya nyumba iliyo safi zaidi, na mshindi akapewa zawadi. Mimi siwacheki akina mama waliokwenda huko. Wengi walipata ujuzi uliowasaidia maisha yote. Lakini tuseme wazi kwamba bibi zetu walijua kutunza nyumba kabla ya kupewa maksi.

Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, nyumba nyingi za Wazungu zilibadilisha wenyewe. Madirisha yalibaki, boyi pia alibaki, ila sasa bwana wake alikuwa ndugu yake. Katika miaka ya 1970 Mobutu alileta salongo, kazi ya lazima ya kufagia, kufyeka na kusafisha mbele ya nyumba na ofisi. Wazee wanaikumbuka kwa namna mbili. Wengine wanasema mji ulikuwa unang'aa. Wengine wanakumbuka kwamba mkubwa hakuonekana na ufagio isipokuwa wakati wa kupigwa picha. Wote wanakubaliana kwamba hakuna aliyelipwa. Halafu ukaja uporaji wa mwaka 1991 na 1993 katika miji mingi ya Zaire, na kwa muda hapakuwa na vioo vya kuosha, kulikuwa na vipande vya kufagia.

Hayo yote yangeweza kusimuliwa kuhusu Bukavu ama Lubumbashi. Goma ina jambo lake peke yake, nalo ni mlima.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda wa chini ya saa moja na kuua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Watu zaidi ya 100 000 walikosa nyumba. Nyumba nyingine za ghorofa zilisimama, lakini makoro yalijaa mpaka juu ya madirisha ya chini. Wenyewe waliporudi, dirisha la ghorofa ya kwanza likawa mlango wa kuingilia. Jumamosi jioni, 22 Mei 2021, mlima ukatapika tena, moto ukasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, kuta zikapasuka na vioo vikadondoka. Tarehe 27 Mei wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuhama. Walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi. Waliporudi walikuta kila kitu kimefunikwa na unga mweusi.

Unga huo tunauita majivu, na hapo ndipo neno linatudanganya. Majivu ya jikoni ni mabaki ya kuni. Ni laini, yanateleza, yanakata mafuta, ndiyo sababu bibi alisafishia sufuria nayo. Majivu ya mlima hayakuwahi kuwa kuni. Ni jiwe lililosagika na vipande vidogo sana vya kioo chenye makali, kioo kilichozaliwa moto ulipopoa ghafla hewani. Ukichukua kitambaa kikavu ukasugua dirisha lenye unga huo, unakwaruza kioo kwa kioo. Alama zinazobaki haziondoki kwa Omo wala kwa ndimu. Madirisha mengi ya Goma ambayo jua la jioni likiyapiga yanaonekana kama yana ukungu yaliharibiwa na mtu mwenye nia njema na kitambaa kikavu.

Waliojifunza kazi hii kwa muda mrefu wanaanza bila kugusa kioo. Kwanza wanapangusa fremu na ukingo wa juu kwa brashi laini, mkono mwepesi, unga uanguke wenyewe. Halafu wanamwaga maji ya kutosha kutoka juu kwenda chini mpaka maji yashuke meupe. Sabuni inakuja baadaye, kisha mpira wa kukokotea maji, ule tunaouita raklete, na mwisho kitambaa ama karatasi ya gazeti kwenye pembe. Wanaanza upande usio na jua, maana jua linakausha sabuni kabla ya kuivuta. Dirisha la nako linachosha zaidi ya yote, kila kipande kina pande mbili na ukingo unaokata vidole.

Raklete yenyewe ina historia ya mhamiaji. Ile nyepesi ya shaba yenye ukanda mmoja wa mpira ilibuniwa mwaka 1936 huko Oakland, Marekani, na Ettore Steccone, Mwitalia aliyehamia kule na kufanya kazi ya kuosha madirisha. Kabla yake walitumia chombo kizito cha chuma chenye skrubu nyingi. Alichoka nacho, akatengeneza chake. Muundo wake ndio unaotumika mpaka sasa duniani kote.

Baada ya 2002 mji ulijengwa haraka kuliko wakati mwingine wowote. Mashirika ya misaada yalikuja, Umoja wa Mataifa ukakodi nyumba, wafanyabiashara wa madini na wa mizigo wakajenga hoteli na majumba kando ya ziwa. Kuta za parsele zilijengwa kwa makoro yaleyale yaliyobomoa nyumba za zamani, na mistari ya saruji katikati ya mawe ikapakwa rangi nyeupe. Baadaye yakaja majengo yenye vioo upande mzima wa mbele. Sijui kama aliyeyachora aliwahi kukaa Goma msimu wa kiangazi, vumbi jeusi linapopanda barabarani kila gari na kila chukudu kikipita. Lakini majengo hayo yalizaa kazi. Zikatokea kampuni ndogo za usafi zenye kofia na viatu, na chini yao vijana wanaoitwa kwa simu siku moja moja. Mteja analipa kampuni, kampuni inamlipa kijana kilichobaki.

Kwa familia zilizohamia hapa, jambo kubwa kuliko dirisha ni paa. Tangu 2002 mpaka 2021 Nyiragongo ilikuwa na ziwa la moto lililotoa moshi mchana na usiku, na pamoja na Nyamulagira ilikuwa kati ya milima inayotoa gesi ya salfa nyingi zaidi duniani. Upepo mara nyingi huupeleka moshi huo magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani yake inageuka kuwa kali. Inakula manjanja, misumari inashika kutu mapema, na maji yanayokingwa chini ya paa yanaweza kuwa na floridi inayoharibu meno ya watoto. Wakaaji wa huko walijifunza zamani kutokukinga mvua ya kwanza baada ya siku kavu. Wanaacha ioshe paa kwanza.

Majivu yakianguka mengi, kazi ya paa inakuwa ya hatari. Yakilowa yanakuwa mazito mara moja, paa dhaifu linaweza kulala, na yakikauka tena yanashika kama saruji. Kwa hiyo hayamwagiwi ndoo za maji. Yananyunyiziwa kidogo tu ili yasipae, yanakusanywa kwenye mifuko, hayasukumwi kwenye mfereji. Bomba la kwenda kwenye tangi linaondolewa kabla mtu hajapanda. Anayepanda anafunga kitambaa puani, anakanyaga pale palipo na misumari kwa sababu chini yake kuna mti, na kuna mtu wa kushika ngazi. Haya yote mhamiaji kutoka kijiji cha nyasi anatakiwa kuyajua siku ya kwanza, na kwa kawaida hakuna anayemwambia.

Nimezungumza na wengi wanaofanya kazi hii. Malalamiko yao yanafanana. Bei inatajwa baada ya kazi, si kabla. Kioo kilichokuwa na ufa tangu mitetemeko ya 2021 kinageuka kuwa deni la aliyekiosha. Aliyeanguka anapelekwa hospitali na wenzake, na mwenye nyumba anasema hakumjua jina. Katika familia moja niliyoitembelea, baba aliyeanguka kutoka paa la duka alikaa miezi minne bila kutembea, na mkewe ndiye aliyechukua ndoo na brashi akaenda kwenye parsele zilezile. Alianza kwa madirisha ya chini tu, akiogopa ngazi. Sasa ana wateja watano wa kila juma. Kabla ya kulowesha kitambaa anazunguka nyumba pamoja na mwenyewe, anamwonyesha kila ufa kwa kidole, na bei wanaimaliza palepale mlangoni.

Juma hili aliniambia anatafuta brashi yenye mpini mrefu, kwa sababu mvua za Septemba zinakaribia na watu wameanza kumwita kwa ajili ya mifereji.