Kupanda na Kushuka kwa Kamanda

Maisha ya kazi ya Ben Gethi yatuonyesha jinsi kamanda wa polisi alivyopanda na kushuka nchini Kenya. Ndiye aliyekiongoza kikosi cha GSU mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975. Marehemu alikuwa ameonekana akitoka naye katika hoteli ya Hilton, Nairobi. Kamati Teule ya Bunge ilimtaja katika taarifa yake. Hata hivyo, mwaka 1978 alipewa ukamishna wa polisi, akimrithi Bernard Hinga. Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, akaachishwa kazi. Twaona kuwa neno la Bunge halikumpunguzia hata daraja moja. La Rais lilimwondolea zote. Katiba ya 2010 ikataka Inspekta Jenerali aidhinishwe na Bunge, akae miaka minne. Wa kwanza, David Kimaiyo, aliyeteuliwa 2012, aliondoka baada ya miwili.