Hatua za kwanza ni za nini?

Leo siasa tuiweke kando, ndugu msomaji. Juzi nilipigwa. Si na mgambo, nilipigwa kwenye chesi, mchezo ambao kamusi zetu zinauita sataranji. Nilikuwa nimekariri ufunguzi wa Kihispania mpaka hatua ya nane, kama mtoto wa darasa la tatu na jedwali lake la kuzidisha. Hatua ya tatu tu mwenzangu akasukuma askari wa pembeni kabisa, kitu ambacho hakikuwemo kwenye kitabu changu. Nikabaki kukodoa macho. Nusu saa baadaye mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia.

Nikajiuliza: hivi hizi hatua za mwanzo zililetwa na nini? Nikaenda kuiuliza historia.

Turudi Baghdad, karne ya 10, enzi za bingwa as-Suli. Malkia hakuwepo. Mahali pake alikaa waziri aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Walipo maaskofu leo walisimama tembo, nao waliruka miraba miwili basi. Majeshi yalichelewa sana kukutana, hivyo kila mtu alijipangia safu zake kwa raha zake. Mipangilio hiyo ilipewa majina, na ndiyo iliyokuwa ufunguzi wa wakati ule.

Mwishoni mwa karne ya 15, Hispania, mambo yakageuka. Waziri akawa malkia anayekatiza ubao mzima, na askofu naye akapata mbio. Ghafla mtu aliweza kufungwa kwa hatua nne! Hapo ndipo mwanzo wa mchezo ukawa suala la kufa na kupona. Lucena alichapisha kitabu chake Salamanca mwaka 1497. Mwaka 1561 padri Ruy López akatoa cha kwake, na ufunguzi ule niliokariri ndio unaoitwa kwa jina lake.

Sasa tazama mantiki yake, ambayo mimi niliiruka. Farasi anatoka kumtisha askari wa katikati wa adui. Adui anatoa farasi wake kumlinda. Askofu anatoka kumsumbua farasi huyo mlinzi. Kila hatua inaijibu iliyotangulia, na wakati huohuo njia inafunguka ili mfalme apelekwe mafichoni. Ni mazungumzo, jamani, si shairi la kukariri.

Aliyenifundisha hili vizuri zaidi ni Paul Morphy, kijana wa New Orleans. Mwaka 1858, akiwa na miaka 21, alicheza ndani ya jumba la opera mjini Paris dhidi ya mabwana wakubwa wawili walioshauriana, mtawala wa zamani wa Brunswick na Count Isouard. Wao walipoteza muda, yeye kila hatua akaleta mtu mpya vitani. Hatua ya 12 akamficha mfalme na papo hapo ngome yake ikaingia kazini. Hatua ya 16 akamtoa malkia sadaka. Ya 17, kwisha habari. Wapinzani wake walikuwa na askofu mmoja na ngome moja ambavyo havikuwa vimeinuka hata mara moja. Kwa Morphy, kila kete kubwa ilikuwa imeshafanya kazi.

Nikaupanga upya mchezo wangu wa juzi. Yule askari wa pembeni hakuwa mtego wowote. Mwenzangu alikuwa amenizawadia hatua nzima ya bure. Nilichotakiwa kufanya ni kutoa kete nyingine, kushika katikati na kumficha mfalme. Badala yake niliutafuta ukurasa ambao haukuwepo.

Jumamosi tunarudiana. Kitabu nakiacha nyumbani. Safari hii kila nikigusa kete nitaiuliza kwanza: unakwenda kufanya nini huko?